Kupata Maji kwenye Mto Mkavu wa Mchanga Karamoja, na Kuyafanya Yafike hadi Mvua

Kila kiangazi maswali ni yale yale, yawe yametoka Amudat, Moroto au Kaabong, wilaya za Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Nichimbe wapi? Nishuke kina gani? Mbona kisima cha jirani kina maji na changu, hatua arobaini tu kutoka pale, ni vumbi? Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hii: mwalimu aliyehamishiwa shule ya mbali, mchuuzi wa ng'ombe mwenye kambi kando ya mto, kikundi cha akina mama kilichochoka kupanga foleni kwenye pampu ya mkono. Hauhusu visima virefu vya mashine. Hivyo vina mafundi wake na gharama zake.

Uganda haina jangwa kamili, ila Karamoja ni nusu jangwa. Mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Aprili, na kufikia Novemba imekwisha. Mito kama Lokok, Dopeth na Kanyangareng hufurika kwa muda mfupi, kisha hubaki mchanga mtupu. Maji hayajaenda yote. Mengine yameingia mchangani na kukaa juu ya mwamba au udongo wa mfinyanzi ulio chini. Mchanga huo ndio tangi lako. Mchanga mzuri wenye punje kubwa hukupa maji kati ya robo na theluthi ya ujazo wake, na maji yakishashuka chini ya sentimita 60 hivi, jua haliyafikii tena. Lambo la wazi, kwa upande mwingine, linaweza kupoteza milimita 5 hadi 8 kwa siku kwa jua na upepo peke yake. Nadharia ni hiyo tu, tuingie kazini.

Unachohitaji

Kwa kutafuta:
- Nondo mbili za milimita 16, moja ya mita 2 na nyingine ya mita 4. Fundi wa kuchomelea azichonge ncha, kisha akate pengo dogo kila baada ya sentimita 25 kwa msumeno wa chuma. Mapengo hayo ndiyo yatakayokuletea mchanga wa chini juu, kwa hiyo usiyaache.
- Nyundo nzito ya kilo 2 au 3, na spana kubwa ya bomba ya kung'olea nondo.
- Futi kamba, daftari, kalamu na vijiti vya kuweka alama.
- Ndoo ya lita 20 yenye tundu la kuzibika karibu na kitako, na chupa ya lita 1 ya kupimia.

Kwa kuchimba:
- Majembe mawili, sepetu mbili, sururu, karai, toroli ukilipata, na kamba imara ya mita 10.
- Pipa moja au mawili ya chuma ya lita 200. Chukua yaliyobeba mafuta ya kupikia. Pipa lililobeba dawa ya mifugo, dawa ya shamba, lami au kemikali yoyote ya viwandani usilichukue hata ukipewa bure, maana halisafishiki.
- Kokoto za ukubwa wa punje ya mahindi, karai 15 hivi kwa kila pipa.
- Watu wanne. Watatu wanatosha kwa shida. Mmoja hatoshi kamwe.

Kabla ya jembe kugusa mchanga

Ruhusa kwanza. Mto unaoonekana hauna mwenyewe una wenyewe. Visima vya mchangani Karamoja huwa na familia au boma linalovifukua mwaka baada ya mwaka, hata kama leo vimefukiwa na huoni alama. Zungumza na wazee wa eneo na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na kama unakusudia kujenga kizuizi cha Hatua ya 8, fika pia ofisi ya maji ya wilaya, kwa sababu kingo za mito zina kanuni zake chini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Ndani ya hifadhi usichimbe kabisa. Mto Kidepo, na mchanga wake mweupe na miti ya mivumo iliyojipanga kandokando, unatamanisha, lakini uko ndani ya hifadhi ya taifa.

Pili, uliza habari za dhahabu. Uchimbaji mdogomdogo umeenea sehemu nyingi za Moroto, Kaabong na Amudat, na mahali fulani dhahabu husafishwa kwa zebaki. Kama kuna watu wanaosafisha dhahabu upande wa juu wa mto, tafuta mto mwingine. Zebaki haiondoki kwa kuchemsha wala kwa vidonge vya klorini.

Tatu, mafuriko. Mvua ikinyesha juu ya mlima Moroto, Napak au Kadam, mto unaweza kujaa chini huku juu yako mbingu ni nyeupe. Ukiona wingu jeusi mlimani, au ukisikia mvumo kama wa lori linalokaribia, toka mtoni na uache vifaa. Usilale kwenye mchanga wa mto hata usiku mmoja.

Hatua ya 1: Tembea mto kabla ya kuchagua

Fanya kazi hii Januari hadi Machi, maji yakiwa chini kabisa. Maji utakayoyapata Machi ni ya kweli. Yale ya Oktoba yanaweza kukuaga kabla ya Krismasi.

Tembea angalau kilomita 1 na uandike:

- Mahali ambapo mwamba unakatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo, hata kama unachungulia tu. Huo ni ukuta wa asili. Maji hukusanyika upande wa juu wake.
- Mapindo. Upande wa nje wa pindo ndipo maji ya mafuriko huchimba sana, kwa hiyo tangi huwa refu zaidi hapo.
- Mimea. Matete na ndago mbichi katikati ya kiangazi ni dalili nzuri kwamba maji yako karibu. Mkuyu mkubwa ni dalili ya maji, lakini mizizi yake hushuka mbali, na maji hayo huenda yasifikiwe kwa jembe. Mgunga peke yake haukwambii kitu.
- Mashimo ya wanyama na visima vya zamani. Punda na ng'ombe hunusa na kuparua mchanga wenye unyevu. Nyuki na ndege wadogo wanaoshuka asubuhi mahali pamoja pia wafuatilie.
- Ukungu wa chumvi nyeupe juu ya mchanga au mawe. Andika, halafu usichimbe hapo. Maji yatakuwa ya chumvi.

Wako watakaokushauri uchimbe shimo, ulifunike kwa nailoni na kungoja matone. Shimo la namna hiyo likifanya kazi vizuri hutoa chini ya lita moja kwa siku, na jasho la kulichimba pengine ni zaidi ya hapo. Na ile miti minene yenye pembe na utomvu mweupe, inayofanana na dungusi kakati, isiguswe kwa kiu: utomvu wake huchoma kinywa na unaweza kupofusha jicho.

Hatua ya 2: Toboa kwa nondo

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo visima vikavu huzaliwa. Kuchimba shimo la mita 2 ni kazi ya siku nzima ya watu wanne. Kutoboa ni dakika 15. Kwa hiyo toboa mara ishirini kabla ya kuchimba mara moja.

1. Simamisha nondo wima katikati ya mto, anza na ile ya mita 2. Igongomelee moja kwa moja chini.
2. Sikiliza. Ikigonga mwamba, nondo hurudi juu kidogo na kulia kwa sauti kali. Ikifika kwenye mfinyanzi, sauti inakuwa butu na nondo inaendelea kushuka polepole kwa kila pigo. Ikipita mchanga mkubwa utasikia mkwaruzo wa punje.
3. Ikigoma, weka alama ya usawa wa mchanga kwenye nondo kwa chaki au uzi.
4. Ing'oe kwa kuivuta wima. Usiitikise huku na huku, wala usiizungushe, la sivyo mapengo yatamwaga sampuli zake. Ikikwama, ibane kwa spana ya bomba na ugonge spana hiyo kutoka chini kwenda juu.
5. Ilaze chini na uisome haraka, kabla upepo haujaikausha. Pengo lenye mchanga mkavu halina kitu. Mchanga ulioshikamana ni unyevu tu. Mchanga unaong'aa na kudondosha maji, hapo ndipo usawa wa maji ulipo. Ncha ikija na udongo unaonata vidoleni, umefika kwenye sakafu ya mfinyanzi, na hiyo ni habari njema.
6. Andika mambo manne: umbali, kina cha mchanga, kina cha kufikia maji, na aina ya mchanga katika kila pengo.

Rudia kila baada ya mita 20 kufuata mto. Ukipata mahali penye mchanga wa mita 2 au zaidi na maji ndani yake, toboa pia kukatiza mto, kila baada ya mita 2, ukingo hadi ukingo.

Makosa mawili ya kawaida. La kwanza, nondo kugonga jiwe moja lililozama na mtu akadhani ni sakafu. Sogea nusu mita kila upande na utoboe tena. Kama kina kinabadilika sana, lilikuwa jiwe. La pili ni kufurahia mchanga mrefu usio na sakafu. Nondo ya mita 4 ikizama yote bila kugonga kitu na bila maji, hapo hakuna tangi. Maji yanapita kwenda zake.

Ukimaliza, chora daftarini sakafu ya mto kama ulivyoipima. Utaona inapanda na kushuka. Palipo na bonde refu ndipo kisima, na panapoinuka chini yake, upande maji yanakoelekea, ndipo pa kujenga kizuizi baadaye.

Hatua ya 3: Pima mchanga wenyewe

Mito miwili yenye kina sawa inaweza kutoa maji tofauti kabisa. Jaza ndoo ya lita 20 mchanga mkavu kutoka mahali ulipochagua. Mimina maji kwa chupa ya kupimia, polepole, hadi yaonekane usoni. Kisha zibua tundu la kitako, subiri saa moja, upime yaliyotoka.

Ukipata lita 5 hadi 7, huo ni mchanga wa kati au mkubwa, endelea. Lita 4 au pungufu ni mchanga laini: kisima kitajaa polepole, na watu watagombana kwenye foleni. Ikitoka lita 1 tu, huo ni udongo wa tope, hata ukiwa umelowa namna gani.

Hatua ya 4: Hesabu, ili usijidanganye

Zidisha kina kikubwa cha mchanga wenye maji, upana wa mto, na urefu wa bonde ulilolipima, kisha gawanya kwa 6, maana bonde huwa jembamba kwenye kingo na miisho. Zidisha tena kwa kiwango cha maji ulichopata kwenye ndoo.

Mfano: kina mita 1.5, upana mita 12, urefu mita 80. Ukizidisha unapata 1,440; gawanya kwa 6, unabaki na mita za ujazo 240 za mchanga. Ndoo ilitoa lita 5 kati ya 20, yaani robo. Maji ni mita za ujazo 60, au lita 60,000, au jerikani 3,000 za lita 20. Familia kumi zinazochota jerikani tano kila moja kwa siku zitakaa nayo siku 60. Ukiongeza ng'ombe, ambao kila mmoja anaweza kunywa lita 25 hadi 40 kwa siku, siku hizo zinayeyuka. Kundi la ng'ombe 50 peke yake litaimaliza akiba yote ndani ya siku 48 au pungufu, kabla familia hazijachota jerikani hata moja. Hesabu hii ifanyike mbele ya wote watakaotumia kisima, wenye mifugo wakiwemo.

Hatua ya 5: Chimba bila kuzikwa

Mchanga wa mto haushiki. Ukuta wima wa mchanga mbichi husimama vizuri mchana kutwa, kisha huanguka mara moja bila ishara, na mchanga uliofika kifuani unatosha kumzuia mtu kupumua. Watu hufa hivi kila mara, wengi wao watoto na akina mama walioteremka kuchota.

1. Shimo liwe na umbo la bakuli. Kwa kila mita 1 ya kushuka, panua mita 1.5 kila upande.
2. Mchanga unaotolewa utupwe angalau mita 2 kutoka ukingoni mwa shimo, upande wa chini wa mto.
3. Anayechimba afungwe kamba chini ya makwapa. Wawili wakae juu wakishika kamba, macho yakiwa kwenye kuta.
4. Usiende kwa bakuli peke yake zaidi ya mita 1.5. Shimo la kina hicho lenye kitako cha sentimita 80 lina mita za ujazo 13 hivi za mchanga, yaani toroli zaidi ya 200. Kazi ya mita moja zaidi inazidi mara tatu, na hatari pia.
5. Ukifika kwenye maji, sawazisha kitako kiwe na upana wa mita 1, kisha nenda Hatua ya 6.

Kama maji yako kwenye kina cha zaidi ya mita 2.5, achana na jembe. Mahali hapo panahitaji mapete ya zege na fundi wa visima.

Hatua ya 6: Zamisha pipa

Kata kifuniko na kitako cha pipa, ugongegonge makali yasikate mikono. Toboa matundu kwa msumari wa milimita 3 au 4, kila baada ya sentimita 5, kwenye nusu ya chini tu. Nusu ya juu ibaki nzima ili maji machafu ya juujuu yasiingie.

Liweke pipa wima katikati ya kitako cha shimo. Sasa chimba ukiwa nje, ukiinama juu yake: kwa bakuli na jembe la mpini mfupi toa mchanga ulio ndani, kisha ule ulio chini ya ukingo wa pipa, kidogo kidogo na kwa kuzunguka. Pipa litashuka lenyewe. Mmoja alikalie au aweke mfuko wa mchanga juu ili kuongeza uzito. Kila linaposhuka kiganja kimoja, angalia kama liko sawa: laza chupa yenye maji nusu juu ya ubao uliokatiza mdomo wa pipa. Likiinama, chimba zaidi upande ulioinuka. Usilivute kwa nguvu, maana litabonyea na halitashuka tena.

Maji yakiingia haraka kuliko unavyoyatoa kwa ndoo, au ukibakiza sentimita 20 kufika kwenye mfinyanzi, simama. Usiutoboe mfinyanzi huo. Ndio sakafu ya tangi, na kuna waliovuka ili "kupata maji zaidi" na kuyapoteza yote.

Weka kokoto zilizooshwa, sentimita 15 ndani ya kitako, na sentimita 10 kuzunguka pipa kwa nje hadi juu ya matundu. Simamisha pipa la pili juu ya la kwanza, mafundo manne ya waya mnene yakiyaunganisha, kisha rudisha mchanga. Mdomo wa juu ubaki sentimita 50 juu ya mchanga, na ufunikwe kwa mfuniko wa mbao au bati wenye bawaba.

Chota na kumwaga maji yote mara kadhaa hadi yatoke meupe. Siku ya kwanza yatakuwa na tope. Hilo si kosa.

Hatua ya 7: Linda kisima

Ndoo moja, kamba moja, vyote vikae kisimani vimening'inia kwenye mti. Kila mtu akileta ndoo yake, kinyesi cha zizini kitaingia nayo. Jengea uzio wa miiba wenye mlango mmoja, mita 10 kila upande. Mifugo ipewe shimo lao, mita 30 au zaidi upande wa chini wa mto, na birika la kunyweshea lililokatwa kwenye pipa la zamani. Choo chochote kiwe angalau mita 30 kutoka ukingoni. Kufua ni upande wa chini.

Wanaochota mchanga wa kujengea wazuiwe, hata kama lori moja linaleta pesa leo. Kila sentimita ya mchanga inayoondoka ni sehemu ya tangi iliyouzwa.

Kabla ya Aprili, toa pipa la juu, funika la chini kwa bati na mfuko wa nailoni, ufukie. Pima umbali kutoka miti miwili iliyo ukingoni na uandike namba hizo mahali pawili tofauti. Mafuriko yakipita, mto utakuwa na sura nyingine, na bila vipimo hivyo utalitafuta pipa lako hadi Februari.

Hatua ya 8: Zuia maji yasikimbie chini kwa chini

Hii ni kazi ya kikundi, na si lazima mwaka wa kwanza. Ni ukuta wa mfinyanzi uliozikwa mchangani, ukikatiza mto, upande wa chini wa kisima, pale sakafu inapoinuka. Usiufananishe na kuta za zege zinazojitokeza juu ya mchanga kama zile za Kitui na Machakos nchini Kenya. Hizo zinataka mhandisi, kwa sababu mafuriko huzizunguka na kula ukingo.

Udongo upimwe kwanza. Ule wa kichuguu mara nyingi unafaa. Ulowanishe, uviringishe uwe mwembamba kama kalamu, uukunje kuwa pete. Pete isipopasuka, endelea. Kisha kata vitako vya chupa tatu za plastiki, zigeuze, ziba midomo kwa kitambaa, jaza nusu udongo wa mahali patatu tofauti na uongeze maji juu. Udongo uliopitisha maji machache kuliko wenzake baada ya saa kadhaa ndio wa kutumia.

1. Chimba mtaro kukatiza mto mwezi wa Februari au Machi, kwa ulalo ule ule wa kuta wa Hatua ya 5.
2. Ingia nusu mita ndani ya sakafu ya mfinyanzi, na mita 1 ndani ya kila ukingo. Kama sakafu ni mwamba, usugue kwa brashi ya waya na uuloweshe kabla ya kuweka udongo.
3. Weka udongo tabaka la sentimita 15 hadi 20, lowanisha, shindilia kwa kigogo hadi kisigino kisiache alama, kisha tabaka lingine. Ukuta uwe na upana wa mita 2 chini na mita 1 juu.
4. Simama sentimita 50 chini ya uso wa mchanga. Ukipandisha hadi juu, mafuriko yataukata, na maji yatakaa karibu na jua na kuacha chumvi.
5. Rudisha mchanga wote siku hiyo hiyo. Mfinyanzi ulioachwa juani hupasuka, na nyufa hizo hazirudi kuziba vizuri.

Kwa mto wa upana wa mita 12 na mchanga wa mita 1.5, tayarisha si chini ya mita za ujazo 32 za udongo, ukiwa umesogezwa ukingoni kabla ya mtaro kufunguliwa.

Hatua ya 9: Maji ya kunywa

Mchanga huchuja, lakini hauui vijidudu. Yaache maji yatulie usiku kucha, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha chagua njia moja. Chemsha hadi yatokote kwa nguvu dakika 1. Au tumia kidonge cha klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri dakika 30. Au, kwa kuwa kuni ni shida na jua lipo, jaza chupa za plastiki angavu zisizozidi lita 2, zilaze juu ya bati kwa saa 6, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Njia ya jua haifai maji yenye ukungu: weka chupa juu ya gazeti, na usiposoma herufi kupitia maji, rudi kwenye kuchuja.

Kama shule au kanisa lina paa la bati, usiliache. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 5 kwa 6, katika mwaka wa milimita 600, hukusanya lita 14,000 hivi ukishatoa yanayomwagika. Lita 30 za kwanza baada ya kiangazi zimwagwe. Zimebeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Likiharibika

*Kisima kinajaa mchanga kila siku.* Kokoto za nje hazikutosha au matundu ni makubwa. Toa mchanga, zungushia chandarua cha nailoni nje ya pipa na uongeze kokoto.

*Maji yapo asubuhi, saa sita yameisha, kesho yake yapo.* Kisima hakijafa. Mchanga ni laini na unatoa polepole. Gawa zamu za kuchota asubuhi na jioni, au chimba kisima cha pili mita 15 kutoka hapo. Kushuka zaidi hakusaidii.

*Kimekauka Januari na hakirudi.* Pima usawa kwa nondo mita 20 juu na chini. Kama chini bado kuna maji na juu hakuna, yanakimbia, na dawa yake ni Hatua ya 8. Kama kote ni kavu, hesabu ya Hatua ya 4 ilizidiwa na matumizi, na mara nyingi ni ng'ombe.

*Maji yana ladha ya chumvi iliyoongezeka kadiri kiangazi kinavyokwenda.* Wape mifugo, tafuta ya kunywa kwingine. Kuchemsha kunazidisha chumvi. Kama meno ya watoto wa eneo yana madoa ya kahawia, omba ofisi ya maji ya wilaya ipime floridi, kwani nayo haionekani, haina ladha ya kukuonya, na haiondoki jikoni.

*Harufu ya mayai yaliyooza.* Kuna majani au mnyama aliyeoza mchangani. Chota na kumwaga kwa siku mbili. Isipoisha, hamisha kisima upande wa juu wa mto.

*Rangi ya kutu.* Ni chuma, cha pipa au cha ardhini. Mwaga maji kutoka ndoo moja hadi nyingine mara tano au sita, yaache yatulie usiku, kutu itabaki chini.

*Ukuta wa mfinyanzi umejengwa na maji bado yanashuka.* Toboa kwa nondo mita 1 upande wa chini wa ukuta, ukingo hadi ukingo. Palipo na maji mengi kuliko kwingine ndipo penye mwanya, na mara nyingi ni pale ukuta unapoingia ukingoni. Fukua hapo tu, ingia nusu mita zaidi ndani ya ukingo, shindilia upya.